Kurasa Nilizozivuta

Mwanangu, mimi unayeniona na mashine mbili za kusaga na nyumba ya bati, niliishia darasa la pili, na hapa Kimali bado sijaona wa kunizidi. Lakini ipo siku moja naikumbuka, enzi zile za vijiji vya ujamaa, iliyonishusha mabega.

Darasa la kisomo lilikuwa na sanduku la vitabu. Mimi, kijana mjuaji, nikachana kurasa za mwisho za riwaya moja mpya, nikasokotea tumbaku. Karatasi laini, we acha tu! Sikujua kuwa kila mchana Mwalimu Minza aliwasomea kitabu hichohicho akina mama wakichambua pamba. Kilimhusu mama aliyemngoja binti yake, aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Dada yangu Holo naye aliondoka hivyohivyo, na mama yetu hakukosa kusikiliza hata siku moja.

Siku hiyo nilikuwa nimeketi kando yao nikivuta, Mwalimu akafika pale nilipochana, akakifunga kitabu.

"Sasa, binti alirudi?" mama akauliza.

Mwalimu akanitazama mimi na moshi wangu, akamjibu mama: "Muulize mwanao, mayu. Yeye ndiye aliyemvuta."

Wanawake wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Akaniuliza taratibu, kana kwamba kweli najua: "Baba, alirudi?"

Kesho yake nilipanda baiskeli hadi Somanda, kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa na nakala nyingine ya kitabu kile.

"Hakiuzwi, hakitoki," akasema. "Keti, usome."

Siku mbili nilikaa juu ya gunia la chumvi nikinakili kurasa zile za mwisho kwenye daftari, herufi moja moja. Nilianza kwa ajili ya mama. Kufika ukurasa wa pili, nilikuwa natafuta mwenyewe yule binti yuko wapi.

Niliporudi nikamsomea mama. Binti hakurudi. Mama yake aliendelea kumpakulia chakula kila jioni, mpaka kitabu kikaisha.

Mama yangu alishika pamba mkononi bila kuichambua. "Kumbe tuko wawili," akasema. "Soma tena."

Basi mwanangu, usidharau riwaya ukasema ni mambo ya kubuni. Isome polepole, uifikishe mwisho, kisha umsomee asiyejua kusoma. Huenda maumivu yake yamo humo, na hajawahi kumwambia mtu. Mungu akupe macho yasiyochoka, na nyumbani kwako asikosekane wa kukwambia: soma tena.