Kafuri ya Koko

Nilipokuwa mtoto pale Marodoka, kisiwani Nosy Be, miaka ya mwanzo ya uhuru, wanawake wazima walijiwekea sanda zao wenyewe. Koko, mama yake baba, aliifungia yake sandukuni pamoja na vipande vya kafuri vya siku ya kuoshwa. Chumba chake kilikuwa cha bati, mchana hakikaliki kwa joto. Na watu wetu waliamini kwamba kafuri ikipungua, nyumbani mna mchawi anayeila ili mwenye sanda afe mapema.

Siku moja Koko alilifungua sanduku aianike sanda. Karatasi ya kafuri ilikuwa imefungwa vilevile, ndani zimebaki punje mbili tu. Chumba kizima kilinukia kafuri.

"Anayefagia humu ni nani?" akauliza, na jibu alilijua. Ni mama yangu.

"Wallahi sijagusa, mama," mama akamwambia. Baba alikuwapo, anatazama miguu yake. Wiki haikwisha akampa talaka, tukapanda meli kurudi kwao mama, mtaa wa Mangarivotra, mjini Mahajanga. Maneno yalifika kabla yetu. Majirani walificha watoto wachanga mama akipita.

Miaka baadaye, shuleni, mwalimu wetu wa sayansi aliweka kafuri kwenye glasi, akaipasha moto kidogo. Ikapungua bila kutoa hata tone. Akaeleza kwamba kila kitu kimeundwa na chembe zisizotulia. Katika kitu kigumu zimeshikana, zinatetemeka tu. Joto likizidi huteleza, kitu kikawa maji. Likizidi tena hutawanyika, kikawa hewa. Ila chembe za kafuri zimeshikana kwa ulegevu, za juu huchomoka na kuruka moja kwa moja, hata bila moto. Harufu yake ndiyo hizo chembe.

Nilifura pale kitini. Kumbe mwizi tulikuwa tunamvuta puani sote siku ile, Koko akiwa wa kwanza!

Baba alipokuja Mahajanga kikazi nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, akaelewa.

"Kumbe," akasema.

"Basi kamwambie Koko. Waambie watu."

"Mwanangu, yule ni mtu mzima. Tutamvunjia heshima."

Akamaliza chai yake. Mama alifariki akiwa bado anaitwa mchawi.

Sasa nami ni mzee, na hasira haijapoa. Koko hakujua, namwombea. Baba alijua, akachagua heshima ya mama yake akaiacha ya mama yangu. Sijamsamehe.