Gundi ya Fundi Motari

Ukimsikia mtu wa kisiwa chetu cha Remba akimwita Motari daktari, mcheke kwa niaba yangu. Yule ni fundi wa boti. Alitoka Kisii miaka ishirini iliyopita, hajui hata kuogelea, akajifunza kuziba boti, na hapo, nampa haki yake, hana mpinzani. Haizibi mbao iliyooza, hata umlipe mara mbili. Huchokoa uozo wote, huanika boti juani siku mbili, ndipo ashindilie pamba na gundi. Ukimharakisha anakufukuza.

Basi jino langu la mbele likatoboka. Nyanya yangu aling'olewa meno sita ya chini kwa mila yetu ya Kijaluo, na tangu utotoni niliapa kuzikwa na yangu yote. Motari akaniambia, "Mama Chrispine, ufa ni ufa tu." Nami mjinga nikapanua mdomo! Hakuchokoa. Hakukausha. Alidondosha supagluu juu ya uozo, akashindilia uzi wa pamba, eti tayari.

Wiki ya tatu uso ulivimba mpaka jicho likafumba. Nikavuka ziwa hadi kliniki ya Karungu.

Daktari Asmaa alichungulia, akaguna. "Zamani walijaza mchanganyiko wa fedha na zebaki," akasema. "Haukunata. Ilibidi wachonge shimo pana chini, jembamba juu, ili ubanwe humo. Siku hizi gundi inashika jino lenyewe, na kijazio tunakigandisha kwa taa ya bluu. Lakini iwe zamani au sasa, kwanza unaondoa uozo, halafu unakausha."

Yawa! Si ndiyo maneno ya Motari mwenyewe kila siku ufukweni? Nililia kwenye kile kiti, wala si kwa sababu ya sindano. Nililia kwa hasira. Jino likang'olewa.

Niliporudi Remba nilimkuta akimgombeza mvuvi aliyeziba mbao mbovu. Kuona pengo langu, akaangua kicheko, mshenzi yule, mdomo wazi kabisa. Nikaona gego lake la nyuma. Lilikuwa limezibwa vizuri, kwa kitu cheupe, laini.

"Hilo nani alikuzibia?"

Akafunga mdomo upesi. "Daktari. Kule Homa Bay."

"Na supagluu yako?"

"Aa, Mama Chrispine," akasema, akiinama kuokota nyundo yake. "Hili si ni jino langu."