Kitabu Kinalala kwa Nani?

Enzi zetu kule Kwamsisi, kitabu kilikuwa na zamu ya kulala. Dawati moja watoto watatu, kitabu cha Sayansi kimoja, na kila tukitoka shule lazima ijulikane kinalala kwa nani. Mama alikivalisha jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, na kabla hujakigusa unanawa kwa sabuni, unajifuta, ndipo unakaa mkekani. "Mikono ya dagaa usiniletee kwenye kitabu cha shule," alikuwa akisema. Watoto wa leo mkono mmoja uko kwenye chipsi, mwingine kwenye simu, na kioo kinang'aa mafuta.

Nilikipenda kitabu kile kupita kiasi. Kilinukia moshi wa kuni wa nyumba zote tatu, na katikati kulikuwa na picha ya moyo, mishipa mingine myekundu, mingine ya bluu.

Zaina, rafiki yangu, alikuwa mmoja wa sisi watatu. Siku moja kabla ya jaribio, zamu ilikuwa yake. Nikamwambia nimekisahau nyumbani, kumbe kimo kwenye mfuko wangu. Kesho yake tukaambiwa tuchore moyo. Wangu niliutia hadi rangi. Zaina alichora kitu kama kiazi.

"Hukusoma?" mwalimu akamuuliza.

"Kitabu kililala kwetu, mwalimu. Nilisinzia."

Akala viboko vinne kwa ajili yangu. Tulirudi nyumbani pamoja, akanimegea nusu ya hindi lake la kuchoma, na mimi nikala. Sikuomba radhi siku ile wala miaka yote iliyofuata, ingawa sasa sote tunaishi Manundu na mboga nanunua kwenye genge lake.

Mwezi uliopita binti yangu Rehema, aliye kidato cha pili, alirudi na kompyuta ya shule, kapewa asomee nyumbani. Mama, ambaye siku hizi tunakaa naye, aliitazama weee, kisha akauliza, "Kesho inalala kwa nani?"

Rehema alicheka hadi akakaa chini. "Bibi, kila mtu ana yake."

"Yako peke yako? Sasa mwenzio atakuja kufuata nini hapa?"

Mimi sikuweza kucheka. Jumamosi nilimwita Zaina, na kabla hajamaliza chai nikamwambia kwamba siku ile kitabu kilikuwa kwenye mfuko wangu.

"Nilikiona," akasema. "Jalada la mama yako lilikuwa linachungulia."

Nilishindwa kumtazama. Wanetu wana bahati, wamepata kila mmoja chake, na nafurahi kwamba hakuna atakayemnyima mwenzake. Ila kitabu chetu kilizijua nyumba zetu zote, na sisi tulijuana kwa sababu yake. Hilo nalikumbuka kwa uchungu kidogo.

Rehema, aliyekuwa akitusikiliza, alikuwa ameshatafuta picha ya moyo kwenye kompyuta yake. Huu wa siku hizi unadunda kabisa. "Mama mdogo, gusa hapa uone ndani," akasema.

Zaina alinyoosha kidole, kisha akakirudisha. "Ngoja kwanza, mwanangu. Ninawe mikono."

Nilikwenda mwenyewe kuleta birika na sabuni, nikammiminia maji taratibu mpaka akatosheka.