Jina la Corisse Pantin

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Anselm Quamina ni kwamba aliitazama suruali yangu kabla ya kunitazama usoni. Ilikuwa wiki yangu ya pili ya kufundisha pale Arima, mji wa kisiwani kwetu. Nilikuwa nimesimama langoni, cheti changu cha chuo kikiwa bado na harufu ya wino, naye akaja na futi ya kupimia nguo shingoni.

"Mwalimu," akasema, "hiyo suruali umeirithi, au yenyewe ndiyo iliyokurithi wewe?"

Wanafunzi waliokuwa karibu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilipotafuta jibu, tayari alikuwa amefika ukumbini.

Mzee Anselm ni fundi cherehani. Hushona sare za shule na mavazi ya Kanivali, sherehe yetu ya barabarani ya kila mwaka, na kila Alhamisi, kwa miaka kumi na mmoja sasa, huja kuwafundisha watoto wetu kalipso ya papo kwa papo: unapewa mada, ngoma inaanza, nawe unatunga beti za kumtania mwenzako hapo hapo. Jukwaani hujulikana kama Lodi Ushindi, yaani Bwana Mkubwa wa Ushindi. Ni jina zuri, hasa kwa mtu aliyeshindana miaka thelathini bila kupata kikombe hata kimoja. Mara moja alipata nafasi ya tatu, na hadi leo hueleza kwamba mwaka ule majaji walikuwa na mafua.

Hufundisha kama anavyoshona. Mtoto hafungui mdomo kabla ya kumtazama mtu dakika nzima, kuanzia kiatu hadi kofia. "Ukimtania kila mtu kwa maneno yale yale," husema, "umeshona gauni moja ukawavisha wanaume na wanawake." Halafu kuna sheria yake kubwa kuliko zote: hakuna anayepanda jukwaani bila jina la kisanii, na hakuna anayejipa jina mwenyewe. Jina hutolewa na msanii aliyekutangulia, siku utakapomchoma kwa ubeti wa kweli.

Sheria hiyo ndiyo iliyomtesa Corisse Pantin. Ana miaka kumi na mmoja, ni binti wa mchungaji, na hutunga vina haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Tabu yake ni adabu. Wenzake watano walikuwa wamepata majina yao kufikia Januari, na fomu za mashindano ya shule zilitakiwa Ijumaa. Usiku alikuwa halali vizuri, mama yake aliniambia. Alhamisi moja kabla ya hapo, Lodi alimwambia amtanie Mwalimu Mkuu, Bi. Guerra, ambaye filimbi yake huwaamsha hata mbwa wa mtaa wa pili. Corisse akamtazama dakika nzima, kisha akaimba kwamba Bi. Guerra ana mwandiko mzuri.

"Mwanangu," Lodi akasema, "hii ni kalipso au hotuba ya kumuaga mstaafu?"

"Lakini kweli ana mwandiko mzuri, Babu."

"Najua! Ndiyo maana haichekeshi!"

Jumatano, siku mbili kabla ya fomu kufungwa, niliwapeleka watoto dukani kwake wakapimwe nguo za jukwaani. Dada yake, Bi. Eudora, alikuwa pembeni akipanga vifungo, huku akila roti, chapati yetu ya dengu, kwa mkono mmoja. Ukutani kulikuwa na picha ya Mzee Anselm akiwa kijana mwembamba mbele ya maikrofoni. Corisse aliisogelea, akasimama mbele yake muda mrefu.

"Babu," akauliza taratibu, "wewe jina lako ulipewa na nani?"

Mzee akaanza kukohoa. "Jina? Jina lilitoka mbali, mwanangu. Enyi, nani amechukua chaki yangu?"

"Mbali wapi?" Bi. Eudora akadakia. "Lilitoka mdomoni mwako mwenyewe, chumbani kwa mama, mbele ya kioo! Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo. Siku hiyo hata kuoga sikuoga kwa kucheka."

Watoto wakageuka wote kwa pamoja. Mzee akasema Eudora siku zote huchanganya miaka. Bi. Eudora akasema miaka anaweza kuichanganya, lakini kioo kilikuwa kimoja tu. Corisse hakucheka. Alikuwa akimtazama mzee: viatu, mkanda, futi, kofia. Kisha akagonga meza ya kukatia kwa viganja, akaimba kwa sauti yake ya kanisani:

Lodi huyu wa Ushindi, kajipa jina mwenyewe,
Na kikombe kila mwaka, hungoja naye apewe,
Mimi jina kaninyima, ati kwanza nipimiwe,
Nipe na mimi kioo, nijipachike mwenyewe!

"Santimanite!" wenzake wakapiga kelele, kile kilio chetu cha zamani cha kusema bila huruma. Bi. Eudora aliangusha roti. Corisse mwenyewe akajiziba mdomo, macho yamejaa machozi. "Samahani, Babu. Samahani sana."

Mzee Anselm alikaa kwenye kiti cha cherehani. Akavua kofia, akajipangusa paji la uso, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na ndipo nikatambua kwamba anacheka.

"Ukiomba radhi tena nakunyang'anya jina kabla sijakupa," akasema. "Ubeti wako unaingia bila kelele, na mtu anausikia ukiwa umeshafika mfupani. Mwalimu, lete hiyo fomu. Andika: Sindano."

Niliandika kwa herufi kubwa.

Wiki kadhaa zimepita, na sasa zimebaki siku tatu. Mashindano ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Sindano ni wa nne kupanda, na mpinzani wake ni mvulana wa mji wa San Fernando aliyeshinda miaka miwili mfululizo. Mada zimeandikwa kwenye vikaratasi, zimo ndani ya bakuli lililofungwa, na hakuna anayejua atachomoa ipi. Mchungaji amehamisha mazoezi ya kwaya ili aje. Mzee Anselm anasema yeye hana wasiwasi wowote. Leo ameshona mkono wa kushoto wa gauni la Sindano upande wa kulia, akafumua, kisha akaushona tena pale pale.