Bwana wa Likoni na Ushuru wa Simu

Mara ya kwanza mtu kuniita mpumbavu hadharani nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, nimeketi kibarazani kwangu Bombolulu nikisuka kiti, na furaha niliyoipata siku hiyo sikuipata hata siku ya harusi yangu. Mke wangu akisomewa hapa ataninunia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mimi ni kipofu. Surua ilinishika nikiwa na miaka sita, huko kwetu Kaloleni, ikaondoka na macho yote mawili. Nimesoma, nimeoa, nina watoto, na nasuka viti na vitanda vya kamba ambavyo watu hutoka hadi Kongowea kuja kuviagiza. Lakini tangu utotoni hakuna mtu aliyewahi kubishana nami. Watu hunipisha tu. Hotelini mhudumu humuuliza mke wangu, "Yeye atakunywa chai au soda?" kana kwamba mimi nimebaki nyumbani. Nikisimama steji nikingoja kuvuka barabara, mtu hunitia sarafu mkononi, nami sijaomba kitu. Kanisani ndiko kubaya zaidi. Mwaka mmoja, katika kamati ya ujenzi, nilichoshwa na kukubaliwa kila nilisemalo, nikasimama nikapendekeza tung'oe mabati yote tuezeke makuti, ili kanisa lipate ubaridi. Mabati yenyewe yalikuwa hayajamaliza mwezi tangu yapigiliwe misumari. Mwenyekiti akasema, asante sana ndugu yetu kwa mawazo mazuri, watu wakapiga makofi, wakaendelea na habari ya choo. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira hata chakula hakikushuka.

Kisha nikapata simu ya kugusa. Wengi hawajui kwamba kipofu anaweza kuitumia. Ndani yake mna programu inayosoma kwa sauti chochote kilicho chini ya kidole, na mtu akizoea huiongezea kasi mpaka mwingine akisikia hudhani ni redio iliyoharibika. Yangu hunisomea Kiswahili kwa lafudhi ya Kizungu. Neno "serikali" hulitamka kama jina la dawa ya kikohozi. Zile sura ndogo za kwenye ujumbe ambazo watu huzipenda mno nazo huzitaja moja moja bila kuchoka, kwa hiyo mtu akituma sita za kuchekea, mimi husikia mara sita kwamba kuna uso unaocheka hadi machozi. Nilizoea haraka. Nikawa nasuka huku kidude kimoja cha kusikilizia kimenikaa sikioni, mikono ikifanya kazi yake na kichwa kikifanya yake.

Kundi nililoingia mtandaoni lilikuwa la watu wa Mombasa bara, kuanzia Likoni mpaka Changamwe na kwetu Kisauni, na shughuli yake ilikuwa moja tu: kubishana. Bei za simu, vifurushi vya intaneti, kodi, sheria zinazotungwa Nairobi, simu ipi inafaa na ipi ni takataka. Msimamizi wake alikuwa mama mmoja wa Mikindani mwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala, mkali kama pilipili. Kanuni yake aliituma kila Jumatatu: matusi ya wazazi ni marufuku, lakini hoja ya mtu itukaneni mtakavyo. Hakuna aliyejua mimi ni nani. Nilikuwa namba tu, mtu wa Bombolulu.

Wiki yangu ya kwanza niliandika aya ndefu juu ya kodi ya vifurushi. Mimi huandika kwa kutembeza kidole juu ya herufi, kila moja ikinitajia jina lake, na makosa hayakosekani. Hazikupita dakika tano, bwana mmoja wa Likoni akanijibu. Alikuwa karani mstaafu wa forodha, mtu wa mji wa asili, wale ambao kwao macho ni mato, moja ni moya na jana ni yana, naye aliandika vile vile wanavyosema. Alinipa vidonge vyangu barabara. Alisema nimeandika upumbavu mtupu, kwamba nimechanganya kodi mbili zisizohusiana, na kwamba herufi zangu ni za mtu aliyekimbia shule. Akamalizia: "Jambo moya tu nakuuliza. Kwani huoni? Fungua mato, ndugu."

Nilicheka hadi kamba ikanitoka. Mke wangu, ambaye alikuwa akipanga mahamri yake kwenye beseni, akaniuliza kuna nini, nikazidi kucheka. Kisha nikaanza kumjibu yule bwana, kama mtu aliyeitwa uwanjani. Miaka thelathini na mitano nilikuwa nimeingojea siku hiyo bila kujua naingoja nini.

Tukapambana miezi minane. Nikiamka asubuhi, kabla ya uso kuguswa na maji, nilitafuta alichoandika. Alikuwa na desturi ya kuzipa hoja namba, moya, mbili, tatu, nami nikaiga. Nilijifunza sheria za kodi kuliko nilivyowahi kujifunza kitu chochote, kwa sababu nilipokosea hakunisamehe. Siku nilipomshinda, juu ya ushuru wa betri za jua, aliandika neno "haya" peke yake akanyamaza mchana kutwa. Nililitembelea neno lile kwa kidole si chini ya mara kumi.

Ndipo ikavuma habari kwamba kuna pendekezo la kuongeza ushuru wa simu zinazotoka nje, na wananchi wanaitwa watoe maoni. Kundi likachemka. Mama wa Mikindani akasema safari hii hatutapiga domo tu. Tutaandika waraka wa pamoja, yeye mwenyewe ataupiga chapa na kuupeleka Ijumaa mahali maoni yanapopokelewa. Kila kifungu kitajadiliwa, na kinachoshinda kwa hoja ndicho kitakachoingia.

Bwana wa Likoni akaja na kifungu chake mapema. Simu ya vitufe yenye tochi, mulika mwizi, isitozwe hata senti, maana ni ya mnyonge. Simu ya kugusa itozwe zaidi, na kwa fedha hiyo unga upunguziwe kodi. Watu wakamshangilia. Nikampinga kwa hoja tatu. Kwanza, wafanyabiashara wa sokoni huulizana bei za mizigo kwa simu za kugusa, hivyo ni vyombo vya kazi. Pili, ushuru ukipanda, simu za magendo na za wizi zitajaa. Tatu, serikali ikipunguza ushuru badala ya kuuongeza, simu nyingi zaidi zitaingia na itakusanya kodi nyingi kuliko sasa. Hii ya tatu niliipenda sana. Niliiona ya kisomi.

Alizishughulikia zote. Ya kwanza akaikubali nusu, ya pili akaipunguza makali, na ya tatu akairarua vipande. Alisema amekaa forodhani maisha yake yote na hajaona bidhaa iliyofanya hivyo, na akanitaka nimtajie moja. Sikuwa nayo. Kisha akaandika maneno yaliyonisimamisha mkono: "Simu ya kugusa ni kioo cha kutazamia picha. Asotazama picha hana haja ya kioo. Anitajie mtu mmoya hapa aliye na simu ya kugusa na hatazami kitu, nami nitakifuta kifungu changu."

Nilikaa na simu mapajani. Jibu la swali lake lilikuwa mimi. Sijawahi kukitazama kioo hicho hata sekunde moja, na bila hicho nisingesoma barua, nisingejua, kwa kuielekezea kamera, noti niliyopewa ni ya ngapi, nisingekuwa na yeye wa kubishana naye. Nilikuwa na ushindi mkononi. Lakini nilijua vilevile kitakachotokea nikiutumia. Watanipisha. Nitakuwa tena yule wa kwenye kamati ya kanisa, na miezi minane ya kutukanwa kama mtu mzima itakuwa imekwisha. Sikutaka kuipoteza, nasema kweli. Nilikuwa tayari kuacha kifungu kipite, ushuru uje, ilimradi bwana yule aendelee kuniita mpumbavu.

Nilimsimulia mke wangu. Hakunionea huruma, hana tabia hiyo, ndiyo sababu nilimwoa. Aliniuliza tu, wale vipofu wengine ambao bado hawajanunua simu walipishwe ushuru kwa ajili ya starehe yangu? Nikanuna, kisha nikaandika. Niliandika mistari minne. Kwamba mimi ni kipofu tangu nikiwa na miaka sita, kwamba simu hii hunisomea, kwamba mulika mwizi haiwezi, na kwamba bwana wa Likoni ameomba mtu mmoja na mtu huyo ndiye huyu. Nikatuma kabla ujasiri haujaniishia.

Mara pole zikaanza kumiminika. Pole ndugu. Pole sana. Mungu akutie nguvu. Sauti ya simu ikanisomea mikono iliyokunjwa, mikono iliyokunjwa, mikono iliyokunjwa, hadi nikatamani kuitupa kisimani. Kijana wa Changamwe aliyewahi kuniambia naandika kama kuku aliomba radhi kwa aya nzima. Mwingine akataka ufanywe mchango ninunuliwe simu mpya, na yangu haina hata mkwaruzo. Mama wa Mikindani, mtu niliyemheshimu kwa ukali wake, akaandika kwamba kifungu cha simu za kugusa kimeondolewa bila mjadala, kwa heshima ya ndugu yetu, na hoja zangu zote tatu zitaingia kwenye waraka kama zilivyo.

Zote tatu, pamoja na ile ya tatu. Nikamwandikia kwamba nashukuru, ila naomba jambo lijadiliwe kama lingeletwa na mtu yeyote. Akajibu kwamba mimi ni mfano kwetu sote. Nikajua nimerudi kanisani.

Aliyekuwa kimya ni bwana wa Likoni. Hakusema pole, hakusema haya. Siku ile ikapita, kesho yake asubuhi ikapita. Nilisuka kiti vibaya nikakifumua, nikakisuka tena vibaya. Nilianza kudhani kwamba ameona haya, na kwamba mtu mwenye adabu za mji kama yeye hatathubutu tena kunigusa. Niliumia kuliko nilivyotarajia. Sijawahi kukutana naye, sijui hata sauti yake, na nilikuwa namlilia kama rafiki aliyehama.

Adhuhuri ya Alhamisi simu ikatetemeka. Alikuwa ameandika kirefu, na kwa namba.

"Moya. Suala la kioo nimeshindwa. Sikujua kuwa simu yaweza kumsomea mtu, nami nilipaswa kuuliza kabla ya kuandika. Kifungu changu nakifuta mwenyewe, si kwa kukuonea huruma, ni kwa kuwa nilikosea. Mbili. Msimamizi, ni makosa kuingiza hoja za mtu bila kuzijadili ati kwa kuwa haoni. Waraka huu una majina yetu sote. Tatu. Bwana wa Bombolulu, hoja yako ya tatu ilikuwa mbovu yana, na leo ni mbovu vile vile. Upofu wako haukuitengeneza. Nilikuuliza bidhaa moya na hujanitajia. Ama utaje, ama uiondoe, usitutie aibu mbele ya watu."

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Majirani wanadai niliimba. Kiti kilianguka, kamba ikaviringika hadi mlangoni, na mke wangu akatoka ndani mbio mikono imejaa unga.

"Baba, kuna nini? Nani amekufa?"

"Bwana wa Likoni ananiambia nawatia watu aibu."

"Na mbona wafurahi hivyo?"

Nilitaka kumweleza, lakini kidole kilikuwa kimekwisha fika kwenye herufi. Niliandika kwamba hoja ya tatu naiondoa, kwa sasa, na kwamba yeye naye hesabu yake ya unga ina tundu ambalo mtu mzima hapaswi kuliacha wazi. Nikazitaja hoja zangu, moja, mbili, tatu. Nilipomaliza tu kuzituma, sauti ya simu ikanitangazia kwamba kule Likoni mtu ameanza kuandika.