Ufunguo kwenye Ubao wa Matangazo

Mama ni katibu wa ushirika wa wafugaji kule Wamagana, na mimi ndiye niliyewatengenezea mtambo wa kuhifadhi rekodi za ng'ombe: nani ana wangapi, yupi ana mimba, yupi amechanjwa. Programu yoyote ya simu ikitaka kusoma rekodi hizo, mtambo huiuliza kwanza: wewe ni nani? Nayo hujibu kwa ufunguo wake wa siri, mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaotolewa na ofisi. Bila ufunguo haipati kitu.

Ufunguo wa kwanza ulikuwa wa programu ya daktari wa mifugo wa Endarasha. Niliuchapisha kwenye barua, nikamwachia mama ampe daktari mkononi. Nilijiona fundi kwelikweli.

Wiki iliyofuata, nikiwa kwangu Gatitu, niliona ufunguo uleule ukiitisha rekodi kutoka simu nne nisizozijua. Mwizi wa mifugo akishajua ni boma gani lina mtamba anayekaribia kuzaa, hana haja ya kuuliza njia. Nikaufuta papo hapo, nikaenda ofisini mbio.

Barua yangu ilikuwa ubaoni, imebandikwa kwa pini nne, kati ya ratiba ya chanjo na tangazo la mazishi. Kila barua ya ushirika hubandikwa pale, tangu sijazaliwa, wanachama wasije wakadhani kuna njama. Nilifoka.

"Hii ofisi haijawai ficha memba kitu," mama akasema.

Nikamweleza habari ya wezi. Akaibandua barua mwenyewe, pini moja baada ya nyingine, nami nikajuta ukali wangu. Baadaye tuligundua zile simu zilikuwa za watoto wa wanachama, wajuaji wa kompyuta, waliotaka tu kuringiana kwa ng'ombe wa kwao. Tulikuwa na bahati. Tukakubaliana kwamba kuanzia hapo mama atatoa funguo mwenyewe, mkononi, baada ya kuhakikisha mtu ni nani.

Mwezi haukuisha kabla mimi mwenyewe sijahitaji ufunguo wa programu yangu mpya. Mama akavaa miwani, akafungua daftari.

"Uko na kitambulisho?"

Nikacheka, nikamkumbusha kwamba amenizaa.

"Kukuzaa ni maneno ya nyumbani. Hapa ni ofisi."

Sijawahi kumpenda kama dakika ile. Nikarudi Gatitu kukichukua.