Siku Niliyotangaza Kwamba Hakuna Aliyenisomesha

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu mji wetu mzima wa Likasi unaisimulia tayari, tena vibaya, wanaongeza kwamba nililia, na mimi sikulia (lilikuwa vumbi tu la machoni).

Mnanijua. Mimi ni Serge wa mtaa wa Shituru, injinia mwenye shahada, nimekaa Johannesburg miaka tisa, nimerudi na gari langu na duka langu la sola, na yale maneno "nimejitengeneza mwenyewe" nilikuwa nikiyatia katika kila mazungumzo kama chumvi. Basi bei ya kobalti ilipoanguka na akina baba wengi wakaachishwa kazi migodini, tukasikia kwamba bourse, ile pesa ya umma inayolipia vijana chuo kikuu, imepunguzwa, na kwamba mwakilishi wa mkoa anakuja kwenye ukumbi wa parokia kusikiliza wazazi: hizo chache zilizobaki wapewe wenye alama kubwa tu, au watangulizwe watoto wa waliopoteza kazi? Wazazi wakanichagua mimi niwasemee, kwa sababu Kifaransa changu kinavaa tai.

Jirani yetu, Papa Donatien, ndiye aliyeniletea karatasi waliyoiandika wazazi, ya kuomba watoto wa waliopoteza kazi watangulizwe. Binti yake Clarisse alikuwa amefaulu mtihani wa serikali, si kwa alama za kutisha, amefaulu tu, na baba hakuwa tena na kazi, kwa hiyo bila bourse msichana angekwenda Kambove kuosha mawe ya wachimbaji.

"Soma tu vile iko, Serge," akaniambia. "Usiongeze kitu."

Nikaongeza. Nilipopewa maikrofoni (umeme wa bwawa la Mwadingusha, ambao hukatika kila siku, siku hiyo haukukatika) nikaona ukumbi umejaa, nikaamua kuanza na historia yangu kidogo, dakika mbili tu halafu nisome, na dakika mbili zikawa ishirini, nikasema nilisoma kwa taa ya mafuta, nikasema nilikula mara moja kwa siku, wakapiga makofi, na makofi yaliponipanda kichwani nikasema kwamba mimi sikusomeshwa na serikali wala na mtu yeyote, mwenye akili hujisomesha.

Mwakilishi akaacha kuandika. "Asante, Injinia," akasema taratibu. "Kama mtoto wa Shituru alifika bila msaada, basi nitaandika kwamba hapa alama zinatosha."

Nikamtafuta Papa Donatien kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake. Clarisse alikuwa ananitazama mimi. Nikafungua ile karatasi haraka, nikaanza kusoma, lakini mwakilishi alikuwa ameshafunga daftari.

Ndipo mama yangu akasimama kule nyuma.

"Bantu bote munisamehe, uyu ni mutoto yangu. Weye Serge, bourse ya miaka tano ilikuwa inakuliwaka na nani? Na miye?"

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Hapana. Umeanzia hapa, tumalizie hapa. Baba yako alikuwa hana kazi, serikali njo ililipa. Na bourse ya kwanza ulinunua viatu vya ncha, hata kalamu moja hapana." Akawageukia watu. "Siku ya diplome tulimumwangia poda ku kichwa." (Kwetu anayefaulu humwagiwa poda nyeupe mpaka afanane na mkate.) "Kumbe ile poda ilikuwa ya serikali."

Ukumbi ukacheka mpaka padri akageukia ukuta. Mwakilishi alingoja watulie, akaniuliza, "Injinia, ni kweli?"

Ningeweza kukana, na uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni, wa Kifaransa kabisa. Lakini Clarisse alikuwa bado hajaondoa macho.

"Ni kweli," nikasema. "Pasipo bourse ningekuwa Kambove."

"Basi iandike hiyo, utie sahihi. Nitaiambatanisha na ombi la wazazi."

Nikaandika palepale, nimepiga magoti kando ya benchi, suti na yote, mama amenisimamia kichwani kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Weka na viatu," akaniambia. Nikaweka.

Ombi la wazazi lilikubaliwa, na leo Clarisse yuko Lubumbashi anasoma. Mimi bado ni injinia, na kusema kweli bado ninajisifu, tabia haiishi kwa siku moja. Ila nimeapa: kabla sijasema nimejitengeneza mwenyewe, kwanza naangalia mama amekaa wapi.